Kamati ya Bibi Asiye na Sindano

Ngo... kisha kimya.

Mlio wa chuma ulianza kama unavyoanza kila asubuhi, ukakatika kabla haujafika madirishani, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya kulitaja jina lake. Wodi ya wanaume ikainua vichwa. Mgonjwa mmoja akauliza kama kuna mtu amekufa nusu.

Natangaza, kwa heshima na taadhima, kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nusu kengele rasmi ya kwanza katika historia ya tiba ya kisiwa cha Mombasa. Ilipigwa siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, mwaka wa 1948, na azimio lililoileta duniani nililiandika mimi kwa mkono wangu.

Mimi ni karani wa hospitali. Hospitali yenyewe siitaji jina. Waliotoka wazima wanaijua, na wasiotoka hawana haja ya kuambiwa. Nimezaliwa Mji wa Kale, kutunga mashairi nimejifunza bila mwalimu, na ni fahari yangu kwamba waraka wowote nilioandika ukisomwa kwa sauti hwenda kwa mizani. Daktari Mkuu, Mwingereza mrefu mwenye masharubu mekundu, huwa hasomi nyaraka zangu. Hutia sahihi tu, na mimi nimeichukulia hiyo kuwa dalili ya imani.

Sasa habari ya kengele. Langoni petu pananing'inia kipande cha reli, na bawabu wetu Kalama hukigonga kwa msumari wa chuma kila anapoingia mtu wa maana. Daktari Mkuu hupigiwa nne. Daktari Msaidizi, Daktari Kasam Valli, hupigiwa tatu. Sista hupigiwa mbili. Maiti akitoka hupigiwa moja. Utaratibu huu ulitutosha miaka mingi, na hakuna aliyewahi kulalamika, hata yule wa moja.

Kisha serikali ikatuletea Bibi Rispah.

Alitoka Rabai, alisomea kazi yake Nairobi miaka miwili, na barua aliyokuja nayo ilimwita Mwangalizi wa Ustawi wa Wagonjwa. Alifika na mwavuli na daftari. Tulimtazama mikono, tukamtazama mkoba. Hakuwa na sindano. Hakuwa na kipimo cha homa, wala mkasi, wala hata chupa ya dawa nyekundu ya kupaka vidonda. Daktari Kasam alimuuliza kwa upole anatibu kwa kitu gani. Bibi Rispah akajibu kwamba yeye hatibu, yeye anauliza.

Daktari Kasam alitueleza baadaye, chumbani kwa chai, kwamba jambo hilo lilimtia wasiwasi. Yeye akimuuliza mgonjwa panauma wapi, ana sababu. Huyu anamuuliza mgonjwa anakaa wapi. Sista alisema kwamba mtu wa kuuliza maswali tunaye tayari, ni polisi. Mtia dawa akasema labda ni mtu wa kuwatafutia wagonjwa viatu vyao, maana viatu hupotea sana. Rai hiyo ilipendeza wote, na kuanzia siku hiyo kila kiatu kilichopotea, kila mgeni aliyegombana uani na kila paka aliyeingia jikoni alipelekwa kwa Bibi Rispah. Alipewa ofisi katika chumba cha kuwekea magongo ya viwete. Kiti hakupewa, kwa kuwa viti vyetu ni vya watu wanaotia sahihi. Aliketi juu ya kasha la bandeji, na bandeji zilipohitajika alisimama.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Manufaa ya Bibi Asiye na Sindano, mwenyekiti Daktari Mkuu, wajumbe Daktari Kasam na Sista, katibu mimi. Jambo la kwanza mezani lilikuwa kengele. Kumpigia mbili haikuwezekana, Sista angejiuzulu. Kumpigia moja haikuwezekana, watu wangetoka kuzika. Daktari Kasam alipendekeza asipigiwe kitu. Lakini Daktari Mkuu, ambaye ni mtu wa haki, alisema bibi huyu ameletwa na serikali, na serikali haipokewi kwa kimya. Tukakubaliana nusu.

Kalama alikuja kuniuliza nusu hupigwaje. Nikamwandikia: gonga, kisha ukishike chuma kwa kiganja kabla hakijamaliza. Siku ya tatu kiganja kikavimba. Tukakipaka dawa, na katika taarifa ya mwezi hospitali ikaandika kwamba imetibu mgonjwa mmoja zaidi.

Bibi Rispah aliposikia nusu yake alimwambia Kalama asante, akamuuliza kama mkono unamuuma. Niliiandika hiyo kuwa ni ushahidi mwengine wa tabia yake ya kuuliza.

*

Katika wodi ya wanaume, kitanda cha saba, alilala kuli wa bandarini aitwaye Kaingu. Kasha lilimwangukia Kilindini likamvunja paja. Daktari Kasam, ambaye kwa mifupa hana mfano, alimnyoosha mguu kwa kamba na kapi, na kwenye ncha ya kamba akaning'iniza uzito, mguu ukabaki juu kama mlingoti. Alisema mfupa utashika baada ya wiki nane, mgonjwa asiposogezwa.

Wiki ya tatu Kaingu akaacha kula.

Sahani ilikuja na sima na maharagwe, ikarudi na sima na maharagwe. Uji ulikuja moto, ukarudi baridi. Alikunywa maji, na jirani yake wa kitanda, fundi cherehani mzee aliyevunjika mbavu, alimpenyezea tende chini ya shuka pale sahani ilipokwisha kuondolewa. Lakini mtu mwenye mwili wa kubeba magunia haishi kwa tende. Mashavu yakaingia ndani.

Tiba ilifanya yake. Alitazamwa ulimi, ukawa safi. Alipigwapigwa tumbo, likalia kama tumbo lenye njaa, jambo ambalo halikuandikwa kwa sababu halikuelekeza kwenye ugonjwa wowote. Alinyweshwa chumvi ya haluli ili afunguke, akafunguka, na kwa kuwa hapakuwa na kitu ndani tukakosa la kuchunguza. Kila akiulizwa kwa nini hali, Kaingu alitazama ukutani na kusema, "Sijambo, bwana."

Daktari Mkuu alilifikiria jambo hili siku nzima, kisha akapata jibu. Mwaka uliotangulia makuli wa Mombasa waligoma, mji ukasimama. Mgomo ulikwisha, kila mtu alirudi kazini. Lakini je, tuna hakika kwamba wote waliarifiwa? Huyu, alisema Daktari Mkuu, ni kuli. Amekataa kitu. Basi amegoma. Ameuingiza mgomo hospitalini kwa kulala chali, na ikiwa tutanyamaza, kesho wodi nzima itakataa maharagwe.

Jumatatu iliyofuata Kamati ikapitisha azimio. Nililiandika mara tatu mpaka likakaa sawa masikioni:

Mtu yeyote aliyemo ndani ya ua wa hospitali, awe nani, mwenye cheo au asiye na cheo, akikataa chakula alicholetewa kwa muda wa siku tatu, pasipo sababu ya ugonjwa, atahesabiwa mgomaji, naye atatolewa nje ya lango kwa machela, siku ya nne saa nne asubuhi.

Hayo maneno "awe nani" hayakuwamo katika rasimu ya kwanza. Niliyatia mimi, kwa ajili ya mwendo tu. Sentensi ilikuwa inachechemea.

Daktari Mkuu akatia sahihi. Siku zilianza kuhesabiwa Jumanne, ili sheria isionekane ina chuki na mtu. Na kwa kuwa wagonjwa wengi hawasomi azimio, nilitunga ubeti mmoja, ukaandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani mwa wodi:

Mgonjwa ukija kwetu, njaa uache nyumbani,
Chakula cha bure chetu, usikitie khiyani,
Asiyekula si wetu, atoke humu wodini,
Sahani isiyo kitu, ndiyo dawa ya mwilini.

Fundi cherehani aliwasomea wenzake kwa sauti. Kaingu alisikiliza mpaka mwisho, akautazama mguu wake ulivyoning'inia juu, akafumba macho.

*

Jumatano Bibi Rispah aliomba kuonana na Kamati. Alisimama, kwa sababu ya ile habari ya viti.

Alisema amekaa na Kaingu asubuhi mbili. Hakumuuliza habari ya chakula hata kidogo. Walizungumza kwa Kigiriama habari za kwao, mahindi, mvua, mke wake, watoto wawili. Saa sita akaja Nyevu, yule mama mtu mzima anayegawa chakula, aliyehamishwa kutoka wodi ya wanawake kuja ya wanaume wiki ile ile Kaingu alipoacha kula. Nyevu alijifunika leso mpaka puani, akaweka sahani kwa kurudi nyuma, akasimama miguuni pa kitanda uso kaugeuza. Kaingu akageukia ukutani. Wakabaki hivyo, alisema Bibi Rispah, kama watu wawili wanaosubiri mvua ipite.

Sista alithibitisha. Alikwisha mwonya Nyevu mara mbili kwa kuhudumu kwa mgongo.

"Nyevu ni mama wa mkewe Kaingu," alisema Bibi Rispah. "Kwetu mtu hali mbele ya mkwe wake. Hamkazii macho, hamtaji jina, hatii tonge kinywani naye yupo. Na Nyevu hawezi kuondoka, kwa sababu mmemwamuru asimame."

Hapo yanipasa nieleze Waraka wa Sahani, kwa kuwa niliuandika mimi. Sahani kumi na moja za bati zilitoweka mwaka uliopita. Hospitali ikaamuru kwamba kila mgawaji asimame mbele ya mgonjwa, amtazame kwa macho yake mawili tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, ndipo aichukue sahani. Asiyesimama anafukuzwa kazi. Na vyombo vyote vinavyotoka langoni vifunuliwe, yaliyomo yaandikwe katika daftari la bawabu. Ni waraka mzuri sana. Tangu siku hiyo zimetoweka tisa tu.

Nyevu, ilivyobainika, alikwenda kwa Sista siku ya kwanza akaomba arudishwe wodi ya wanawake, akasema kwamba wodi ya wanaume mna mtu wake. Sista akamjibu kwamba ni vyema, atamlisha kwa mapenzi.

Daktari Kasam alikuwa anatabasamu. Ni mtu mwema, na mimi najua kwamba mbele ya baba mkwe wake, muuza vitambaa, hajawahi kukunja mguu juu ya mguu. Lakini alikuwa kazini.

"Huyo mkwe," aliuliza, "mwilini yuko sehemu gani?"

"Hayumo mwilini, daktari. Yuko miguuni pa kitanda."

"Basi si wa kwangu. Mimi naanzia kwenye ngozi nikienda ndani."

Tulicheka, na kicheko kikaandikwa. Daktari Mkuu alisema amesoma miaka saba Uingereza, na katika vitabu vyote hakukutana na maradhi yanayoitwa mkwe. Akamuuliza bibi kama anayo dawa yake.

"Mtu mwengine ashike sahani. Ndiyo dawa."

"Hiyo si dawa," alisema Daktari Mkuu. "Huo ni utaratibu. Utaratibu tunao."

Bibi Rispah alisema mfupa haujashika. Akitolewa kwenye kapi Ijumaa, mguu utaunga kombo, na kuli mwenye mguu wa kombo bandarini hapewi hata kamba ya kushika. Daktari Kasam alikiri kwamba kwa upande wa mfupa maneno hayo ni sahihi kabisa, ila mfupa haukuwa kwenye ajenda.

Azimio likaandikwa: Kamati imetafakari na kuona kwamba mkwe si ugonjwa, wala si sababu ya ugonjwa, wala hakubaliwi kuwa udhuru wa kutokula. Wote wakatia sahihi. Bibi Rispah aliomba nakala ya maazimio yote mawili. Nikampa, kwa kuwa nilikuwa nimeiandika vizuri.

Nilipokuwa natoka langoni jioni ile nilimwuliza Kalama, yeye ambaye kwao ni huko huko kwa akina Kaingu, kama alijua habari hii ya mkwe. Akasema alijua tangu siku ya kwanza Nyevu alipopita na sinia. Nikamwuliza mbona hakusema.

"Kazi niliyopewa ni kengele, karani. Ya wakwe hamkuniuliza."

*

Sasa natia jambo dogo ambalo halihusiani kabisa na haya.

Jumapili ya kabla ya azimio la machela, meli ilileta kutoka Uingereza mama mkwe wa Daktari Mkuu. Alikuwa bibi mnene, mwenye kofia yenye maua na viatu vyenye visigino vya chuma, na alipomwona mkwewe aligundua kwamba amekonda. Basi kuanzia Jumanne, saa sita kamili, alifika hospitalini na kikapu. Ndani mlikuwa na nyama baridi, viazi, na kitu cheupe kilichotetemeka kikiwekwa mezani na kuendelea kutetemeka baada ya watu kutulia. Aliketi kwenye kiti cha Daktari Mkuu, Daktari Mkuu akaketi kwenye kiti cha wageni, na bibi akamwambia ale.

Meza yangu iko karibu na dirisha lao, na Kiingereza nakielewa. Alimtazama kila alipoinua uma. Alimwambia, taratibu, bila ya ukali, kwamba binti yake angeliweza kuolewa na mwanasheria. Uma ukashuka. Daktari Mkuu alisema leo hajisikii njaa. Jumatano akasema hajisikii njaa. Alhamisi alitazama ukutani. Na kwa kuwa bibi huyo alikuwa nyumbani kwake vilevile, asubuhi na jioni, Daktari Mkuu alianza kukaa hospitalini saa zote, akisema ana kazi nyingi. Suruali yake ilihitaji mkanda mpya.

Mimi sikuona uhusiano wowote. Ijumaa nilivaa kanzu mpya, kwa sababu ilikuwa siku ya kutekeleza azimio langu la kwanza lenye machela.

Saa nne kasoro dakika kumi tulisimama wote mbele ya kitanda cha saba. Wachukuzi wawili wa machela walikuwa tayari. Daktari Kasam alikuwa tayari kulegeza kamba. Nyevu alisimama miguuni pa kitanda na bakuli la uji, uso kaufunika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia asisimame. Kaingu alishika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili. Ilikuwa wazi kwamba hataviachia mwenyewe.

Bibi Rispah akaingia. Mkono mmoja ana nakala ya maazimio, mkono mwengine ana daftari la Kalama.

Alimwomba mwenyekiti ruhusa kwamba azimio lisomwe kwanza, ili mgonjwa ajue anatolewa kwa sheria gani. Daktari Mkuu akakubali kwa kichwa. Alikuwa ameegemea kitanda cha sita, mweupe kama shuka. Nikasoma. Nilipofika "awe nani" niliinua sauti kidogo, kama inavyostahili.

"Na hili ni daftari la langoni," alisema Bibi Rispah. "Kwa mujibu wa Waraka wa Sahani." Akasoma alivyoandika Kalama kwa mwandiko wake wa shule ya misheni. "Jumanne. Kikapu cha mama mkwe wa Bwana Mkubwa. Kimeingia kimejaa, kimetoka kimejaa. Jumatano, vivyo hivyo. Alhamisi, vivyo hivyo, na kile cheupe bado chatetemeka. Sahani zote zipo."

Akalifunga daftari.

"Siku tatu zimetimia kwa watu wawili."

 Wachukuzi wa machela walitazamana, kisha mmoja, kijana wa Changamwe asiyejua adabu za vikao, akaniuliza mimi, "Karani, twaanza na nani?"

Hapo ndipo nilipomwona Daktari Kasam katika ubora wa elimu yake. Mwaka uliopita, Daktari Mkuu alipokwenda likizo, Kasam alikaimu miezi miwili, na kengele nne zilimkaa vizuri sana. Alipiga hatua moja, akamshika mkubwa wake kifundo cha mkono, akahesabu.

"Ulimi, tafadhali."

Daktari Mkuu, kwa mazoea ya kazi, akatoa ulimi.

"Safi," alisema Daktari Kasam. "Hapana ugonjwa. Naweza kuandika cheti."

"Mimi nina sababu," alisema Daktari Mkuu.

"Sababu gani?" aliuliza Bibi Rispah. Aliuliza kwa sauti ile ile aliyomuulizia Kalama habari ya kiganja.

Daktari Mkuu alitazama ukutani. Ukutani palikuwa na shairi langu. Akatazama dari. Wodi nzima ilikuwa imeinuka kwenye viwiko, na wasioweza kuinuka waliinuliwa na wenzao.

"Ni mama mkwe wangu," alisema.

Kaingu, ambaye kwa siku kumi na mbili hakuwa amewaambia madaktari neno ila sijambo, aligeuza kichwa juu ya mto.

"Pole, bwana," alisema. "Wako husimama?"

"Huketi."

"Yuwaja na kiti?"

"Hukaa kwenye changu."

Kaingu alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Wangu angaa husimama."

Wodi ikapasuka. Fundi cherehani alishika mbavu zake akaomba kwa jina la Mungu watu wanyamaze, maana zilikuwa zinamtengana upya. Chini ya leso ya Nyevu mabega yalitikisika, ingawa uso sikuuona. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nawaza jinsi maneno mawili ya kupendezesha mwendo yanavyoweza kumtoa mtu nje ya lango.

Bibi Rispah alingoja kicheko kitulie.

"Kamati imeandika kwamba mkwe si udhuru," alisema. "Sahihi hizi hapa. Ama azimio la machela lifutwe kwa wote wawili, ama litimizwe kwa wote wawili. Mimi sindano sina, bwana. Nina maandishi yenu tu."

Daktari Mkuu alifungua kinywa. Nadhani alitaka kusema kwamba Kamati itaketi tena wiki ijayo. Lakini langoni chuma kikalia.

Ngo. Ngo. Ngo. Ngo. Ngo.

Tano. Hakuna mtu wa kengele tano katika hospitali yetu, wala hajawahi kuwako. Kalama alinieleza baadaye kwamba bibi yule alikuja mapema, akauliza mkubwa kupita wote hupigiwa ngapi, akaambiwa nne, akasema basi yeye ongeza.

Sijapata kumwona mtu mwenye njaa ya siku tatu akienda mbio namna ile. Daktari Mkuu alikata kati ya vitanda, akafungua mlango wa kwanza aliouona akajifungia ndani. Tukasikia magongo yakianguka, moja baada ya moja, kisha jingine peke yake. Ilikuwa ofisi ya Mwangalizi wa Ustawi wa Wagonjwa.

Bibi Rispah alikwenda akasimama mbele ya mlango.

"Bwana," alisema, "ofisini kwangu mtu huja na shida yake, nami husaidia niwezavyo. Bibi mkubwa nitazungumza naye mimi. Nitamkalisha, nitamuuliza habari za safari. Lakini kuna mgonjwa amekutangulia."

Kutoka ndani sauti ndogo ilisema kwamba azimio limefutwa.

"Kaingu hakusikia."

Sauti ikasema kwamba, kwa heshima ya mwenyekiti, azimio limefutwa na mgonjwa abaki.

"Haikufika kitanda cha saba, bwana. Hapa kuna watu wengi, na wengine ni wazito wa masikio. Mwambie mwenyewe, kwa jina lake, kama mtu anavyomwahidi mtu."

Barazani, juu ya saruji, visigino vya chuma vilikuwa vinakuja. Kwa. Kwa. Kwa. Sijui kama Bibi Rispah alivisikia. Mimi nilivisikia vizuri, na pia nilisikia viliposimama, nje tu ya wodi, karibu na mlango ule, kama vinavyosimama viatu vya mtu anayetega sikio. Daktari Kasam aliiachia kamba ya Kaingu ikabaki ilivyokuwa, akarudi nyuma, uso umemshuka. Kaingu alikuwa bado ameshika vyuma vya kitanda.

Ndani ya chumba cha magongo Daktari Mkuu alivuta pumzi. Kisha akasema kwa sauti iliyovuka wodi, ikavuka baraza, ikafika mpaka langoni kwa Kalama:

"Kaingu, nakuahidi mbele ya watu wote hawa: kitanda hicho ni chako mpaka utoke kwa miguu yako miwili, na tangu leo hapana mtu katika hospitali hii, awe nani, atakayesimama wala kuketi mbele ya mwenziwe kumtazama akila."